Dredinoti, OM au jumbo: mwongozo kamili wa kuchagua umbo la gitaa kavu linaloendana na mkono wako

"Bosi, unatafuta ya 38 au ya 41?" Ndivyo utakavyopokelewa kwenye maduka mengi ya vyombo vya muziki, Kariakoo hata Nairobi. Namba hiyo ni urefu wa gitaa zima kwa inchi, kutoka ncha ya kichwa hadi kitako. Inamsaidia muuzaji kupanga bei na kukutafutia mfuko unaoenea. Haisemi chochote juu ya upana wa boksi, kina chake wala kiuno chake, na hayo matatu ndiyo yanayoamua gitaa litalia vipi na litakaa vipi mapajani.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anapiga kodi zake (noti kadhaa kwa pamoja), anataka gitaa kavu, lisilotegemea umeme, la nyuzi za chuma, na ana hela ya gitaa moja tu. Msimamo wangu nauweka mapema: umbo lichaguliwe kwa kuangalia mkono unaopiga nyuzi na mahali unapopigia, halafu masikio yathibitishe. Wengi hufanya kinyume. Wanaingia dukani, wanakuta ukuta umejaa dredinoti, lile gitaa pana lenye mabega makubwa, wanacharaza kodi ya G mara moja, besi inanguruma, wanalipa. Dredinoti ni gitaa zuri sana kwa kazi yake. Tatizo ni kwamba kazi yake huenda si yako.

Hatua ya 1: Jisikilize unavyopiga kweli

Azima gitaa lolote, weka simu mezani, ujirekodi dakika kumi ukipiga nyimbo unazopiga kila siku. Sizungumzii zile unazotamani kuzipiga siku moja. Kisha keti usikilize. Unatumia piki (kile kipande kidogo cha kucharazia) au vidole? Ukicharaza, mkono unapita nyuzi zote sita kwa nguvu au unagusa tatu nne tu? Unaimba juu yake? Na unapoimba, gitaa linaibeba sauti yako au linaifunika?

Anayecharaza kwa piki, kwa nguvu, akiongoza watu kuimba, anahitaji boksi lisilochoka mapema. Boksi dogo likipigwa kwa nguvu hufika mahali likagoma: unaongeza mkono, lakini sauti haiongezeki, inabaki kuwa kali na ya kukwaruza. Boksi pana lenye kina kirefu hupokea nguvu hiyo na kuendelea kutoa.

Anayedonoa kwa vidole ana haja tofauti kabisa. Kidole hakina nguvu ya piki, kwa hiyo anataka gitaa linaloitika kwa mguso mdogo, na zaidi ya hapo anataka besi isizimeze nyuzi nyembamba. Hapa mfano mzuri tunao kwetu. Mwenda wa Bayeke, mpigaji wa Katanga, Kongo, ambaye mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada: gumba likitembeza besi, shahada ikichezesha sauti ya juu, na yeye mwenyewe akiimba Kiswahili juu ya vyote viwili. Omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, ule wa akina George Mukabi, nao unasimama juu ya gumba na kidole, huku chupa ya soda ikigongwa kushika mapigo. Katika upigaji huo kila sauti ina mstari wake. Ukiupeleka kwenye boksi ambalo besi yake inavuma na kuendelea kuvuma, mstari wa juu unazama, na utajikuta unalazimisha shahada kupiga kwa nguvu kuliko inavyopaswa mpaka wimbo unapoteza ulaini wake.

Wa tatu ni mchanganyaji, na nadhani ndiye aliye mwingi zaidi: anacharaza ibada au harusi, akirudi nyumbani anadonoa taratibu. Huyu asikimbilie umbo la upande mmoja. Nitamrudia.

Hatua ya 2: Kaa nalo kabla hujalipiga

Chukua kiti kisicho na mikono ya kuegemea, chenye urefu ambao nyayo zako zinakanyaga chini sawasawa. Weka kiuno cha gitaa juu ya paja, mgongo wake uguse kifua, kisha upitishe mkono wa kucharaza juu ya boksi uache kiganja kianguke chenyewe. Usipige kitu. Hesabu hadi sitini ukiangalia bega lako kwenye kioo au kwenye kamera ya simu.

Bega likiwa limepanda kuelekea sikio, boksi hilo lina kina kirefu au upana mkubwa kuliko mwili wako unavyoweza kuvumilia. Kwa dakika moja hutaona shida. Baada ya mazoezi ya saa nzima itaanzia nyuma ya bega na kushuka hadi kwenye kiwiko. Angalia pia ukingo wa boksi unapokata kwenye mkono: ukikata karibu na kiwiko ni sawa, ukikata katikati ya mkono, na vidole vinaanza kufa ganzi, rudisha gitaa ukutani.

Kina kinasumbua watu zaidi ya upana. Dredinoti ya kawaida ina kina cha sentimita 12 hivi upande wa kitako, OM, umbo la wastani lenye kiuno kilichoingia, ina kama 10.5. Sentimita moja na nusu kwa maneno ni kidogo, lakini mtu mwenye umbo dogo au mwenye kifua kikubwa huitambua mara moja. Kina dada wengi huambiwa wachukue "ya watoto" au ya 38 ya bei rahisi kwa sababu dredinoti inawashinda. Huo ni ushauri mbaya. Wanachohitaji ni gitaa la mtu mzima lenye kina kifupi na kiuno chembamba, na yapo.

Ukipiga ukiwa umesimama, fanya jaribio hilo ukiwa na mkanda. Boksi linalosumbua ukiwa umekaa linaweza kuwa halina neno ukisimama, kwa sababu linashuka usawa wa tumbo na bega linapumzika. Kama huna siku unayopiga umekaa, matokeo ya kiti yasikutishe sana.

Hatua ya 3: Zijue familia

Majina ni mengi na kila kampuni ina yake, lakini maumbo yenyewe yanahesabika. Mengi yanatoka kwa watengenezaji wawili wa Marekani, Martin na Gibson, na wengine wote wanayafuata au kuyageuza kidogo. Upana ninaoutaja ni wa sehemu ya chini, ile iliyo pana zaidi.

*Dredinoti.* Upana karibu sentimita 40, mabega mapana, kiuno ambacho ni kiuno kwa jina tu. Martin walilitengeneza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Oliver Ditson la Boston, likapewa jina la manowari ya Kiingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906. Mwaka 1931 wakaanza kulitoa kwa jina lao wenyewe. Lilipata umaarufu mikononi mwa waimbaji wa kantri na bluugrasi, miziki ya mashambani ya Marekani, watu waliotaka gitaa lisikike katikati ya banjo na fidla bila maikrofoni. Historia hiyo inakueleza tabia yake: besi nzito, sauti kubwa, linapenda piki. Ukilipiga kwa vidole laini linaitika, ila besi inatangulia mbele. Tena kiuno chake kipana kinalifanya likae juu zaidi kwenye paja.

Lipo pia dredinoti la mabega yaliyolegea, ambalo Gibson J-45 ya mwaka 1942 ndiyo mfano wake mkuu. Sauti yake ni kavu zaidi, noti zinakatika haraka, na kwa mwimbaji anayejisindikiza hilo ni jambo jema: gitaa linapiga, linakaa kimya, maneno yanapita.

*OM na 000.* Upana sentimita 38, kiuno kimeingia hadi karibu 24, wakati cha dredinoti ni kama 27. Haya mawili yana boksi karibu moja, tofauti ipo kwenye urefu wa nyuzi, nitaufikia. OM ilizaliwa mwaka 1929 baada ya mpiga banjo wa Atlanta, Perry Bechtel, kuwaomba Martin gitaa lenye shingo ndefu iliyo wazi zaidi, kwa sababu mkono wake ulizoea shingo ya banjo. Boksi lilifupishwa ili shingo iungane nalo kwenye freti (kile chuma cha kukatisha shingo) ya 14 badala ya ya 12. Matokeo ni gitaa ambalo nyuzi zote sita zinasikika kwa usawa, na lililo jepesi kuitika kwa kidole bila kuvunjika likicharazwa. Mpiga gitaa Eric Clapton alipokaa mbele ya kamera za MTV mwaka 1992 na kupiga gitaa kavu, mkononi alikuwa na Martin 000-42 ya mwaka 1939. Kama umeshawahi kuisikia sauti ile, unajua 000 inafanya nini: kila noti inakaa peke yake.

*00, 0 na pala.* 00 ina sentimita 36 na nukta kadhaa, 0 kama 34, pala chini ya hapo. Haya ndiyo yaliyokuwa magitaa ya kawaida kabla ya karne ya 20 kutaka makelele. Mwimbaji Joan Baez amejulikana kwa Martin 0-45 ya mwaka 1929, na hakuna aliyemlalamikia kwamba sauti ni ndogo. Kwa mdonoaji wa nyumbani, na kwa mtu anayetunga nyimbo usiku watoto wamelala, 00 ni raha. Ukitaka kuongoza kwaya ya watu arobaini bila spika, litakuaibisha.

*Jumbo.* Upana sentimita 43, kitako cha mviringo na kiuno kilichobana. Gibson SJ-200 ilitengenezwa mwaka 1937 kwa ajili ya Ray Whitley, mwigizaji wa filamu za kicowboy aliyetaka gitaa la kuonekana na kusikika. Watu hudhani jumbo ni dredinoti iliyoongezwa. Kwa kawaida sauti yake ni pana na iliyosambaa, nzuri kwa kucharaza kodi ndefu, lakini haina ile ngumi ya katikati ambayo dredinoti inayo. Kwa mtu mfupi ni mzigo.

*Grand Auditorium.* Jina na umbo la kampuni ya Taylor, ya California, la mwaka 1994, na leo karibu kila kampuni ina toleo lake lenye jina lingine. Upana ni sentimita 40.6, maana yake limepita dredinoti, lakini ukilikalia utaapa kwamba ni dogo zaidi, kwa sababu kiuno kimeingia na gitaa linashuka chini kwenye paja. Lilibuniwa likubali piki na vidole pia.

Pembeni ya familia hii lipo gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni, lenye shingo pana. Ni chombo kingine. Nalitaja kwa sababu moja: usikubali fundi akufungie nyuzi za chuma juu yake. Seti ya kawaida ya chuma inavuta kwa karibu kilo 70, ya nailoni kama 40. Uso wa klasiki haukujengwa kubeba tofauti hiyo. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni, litang'oka au ubao utavimba.

Hatua ya 4: Vipimo vitatu ambavyo dukani hakuna anayevitaja

Nenda na futi kamba ya fundi cherehani. Watakucheka, usijali.

Kwanza, urefu wa uzi unaolia, kutoka kipande cheupe cha kichwani hadi kile cha kwenye daraja. Magitaa mengi makubwa yana milimita 645 hadi 650; mafupi yana 632 au 634. Kwa nyuzi zilezile na tyuni ileile, uzi wa 645 unakaza kwa takriban asilimia 4 zaidi ya ule wa 632. Kidole cha mkono wa kushoto kinaijua hiyo asilimia 4, hasa kwenye F ya kubana nyuzi zote. Hapa ndipo OM na 000 zinapotengana: OM ni ndefu, inakaza na kung'aa, 000 ya kawaida ni fupi, inalegea na kuwa tamu. Yamaha F310, ambayo utaikuta kwenye maduka mengi, ina boksi la aina ya dredinoti lakini uzi wake ni milimita 634, na nadhani ndiyo sababu mojawapo wanafunzi hawaikimbii.

Pili, upana wa shingo pale juu. Milimita 43 ni kawaida na inamtosha mcharazaji. Mdonoaji atashukuru akipata 44.5, kwa sababu nafasi kati ya uzi na uzi inaongezeka. Klasiki ina 52, na mtu aliyejifunzia humo ataona shingo ya 43 ni njia ya panya.

Tatu, hesabu freti hadi pale shingo inapoungana na boksi. Mengi ya leo ni 14. Yale ya 12 yana daraja lililosogea kuelekea katikati ya sehemu pana ya uso, na sauti yake huwa nene na ya joto hata boksi likiwa dogo. Ukipata 00 ya freti 12, ipige kabla hujapita.

Mkato wa bega, lile pengo la kupitishia mkono kwenda freti za juu, usiukubali wala kuukataa kwa sababu ya urembo. Jiulize tu kama kwenye ile rekodi ya simu ulipita freti ya 12 hata mara moja.

Hatua ya 5: Itafute noti ya boksi

Jaribio hili wengi hawalijui, na kwangu linasema mengi kuliko lebo iliyo ndani ya tundu. Hewa iliyomo kwenye boksi ina noti yake. Piga uzi wa sita, noti moja moja, kuanzia freti ya kwanza hadi ya nane, kwa nguvu ileile. Kuna noti moja au mbili zitakazovimba ghafla, na mgongo wa gitaa utautikisa tumbo lako. Mwenye sauti nzito anaweza kuinama karibu na tundu na kuimba "uuu" akishuka taratibu. Boksi litaitika lenyewe likifika hapo. Kwenye dredinoti noti hiyo huwa maeneo ya G hadi A ya chini, yaani kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 98 na 110. Kadiri hewa iliyo ndani inavyopungua, ndivyo noti inavyopanda, ingawa ukubwa wa tundu nao unachangia. Ni kama ngoma pana na ngoma nyembamba.

Sasa linganisha na nyimbo zako. Kama karibu kila kitu unapiga kwa G, dredinoti itakupa mzizi wa kodi kwa wingi, na ukiwa peke yako hiyo ni faida tupu. Ukipiga pamoja na gitaa la besi na kinanda, uvimbe uleule unagombana nao, na fundi mitambo atakukatia besi yote mpaka ubaki na mchakacho. Mpigaji wa bendi au kwaya yenye vyombo vingi, tafadhali fikiria OM kabla ya kufikiria ukubwa.

Hatua ya 6: Jaribu mawili kwa mawili

Usijaribu magitaa kumi kwa mkupuo. Baada ya la nne sikio limekufa na utachagua la mwisho. Chukua mawili ya maumbo tofauti lakini yaliyolingana kwa mengine yote, la sivyo utakuwa unalinganisha mbao au bei. Jozi rahisi kupatikana ni Yamaha FG800 na FS800: zote uso wa mbao halisi ya sprusi, si plaiwudi, lakini FG ni kubwa na ina uzi wa milimita 650, FS ni ndogo, nyembamba, ina uzi wa 634. Ukizipiga zikiwa sambamba utaelewa maneno yote ya hapo juu kwa dakika tano.

Hakikisha zote mbili zimetyuniwa sawa. Omba nyuzi zisiwe na kutu. Nyuzi zilizokufa zinaua gitaa kubwa na dogo vilevile. Kisha ufuate mpangilio huu. Piga uzi wa sita na wa kwanza kwa pamoja, gumba na kidole, nguvu sawa: upi unakufa kwanza? Piga wimbo wako polepole kabisa, kiasi cha mtu aliye karibu kusikia peke yake. Gitaa linalohitaji nguvu ndipo liamke halimfai mdonoaji. Halafu charaza kwa nguvu zako zote uone linagoma wapi. Mwisho imba, sauti yako ya kawaida, bila aibu. Muuzaji ameshasikia mabaya zaidi.

Kisha mpe mwingine alipige, wewe usimame mita mbili au tatu mbele. Gitaa kubwa humdanganya mpigaji kwa sababu besi anaisikia mwilini, na dogo humdanganya kwa kinyume chake: linaonekana jembamba ukiwa nyuma yake, kumbe mbele linatoboa vizuri. Kama huna mtu, piga ukiwa umelielekea pembe ya ukuta, sauti itakurudia.

Onyo moja. Kabla ya kulaumu boksi, tazama nyuzi zimeinuka kiasi gani. Kwenye freti ya 12, uzi mnene ukiwa milimita 2.5 juu ya freti na mwembamba kama 2, gitaa liko sawa. Ukikuta 4 au 5, kila umbo litakuonea. Magitaa mengi ya bei nafuu yanafika hivyo kutoka kiwandani, na fundi mzuri huyashusha kwa kusugua kipande cha kwenye daraja.

Hatua ya 7: Kama unapigia kwenye spika

Hapa ukubwa unageuka kuwa adui. Mbele ya spika za kanisa au ukumbi, boksi kubwa hunasa sauti inayorudi, na noti ya kwanza kuanza kulia "huuuu" ni ileile uliyoipata kwenye hatua ya 5. Kiraka cha raba cha kuziba tundu kinasaidia, kupunguza besi kwenye mikisa kinasaidia, lakini boksi dogo au jembamba linasaidia zaidi. Ed Sheeran amejaza viwanja vya mpira akiwa na vigitaa vidogo vya Martin, vidogo kuliko vyote nilivyovitaja hapa. Ukubwa wa sauti ulikuwa kwenye mitambo.

Kwa hiyo anayepigia kwenye spika wiki hadi wiki hana sababu ya kulipia besi ambayo fundi ataikata. Achukue OM au Grand Auditorium yenye pikapu (kinasa sauti cha ndani ya gitaa). Anayepigia chini ya mwembe, jumuiya, msibani au kwenye moto wa kambi, pasipo umeme, dredinoti bado ndiyo mfalme.

Hatua ya 8: Fanya uamuzi sasa

Mchanganyaji niliyemwacha njiani: OM, 000 au Grand Auditorium. Kati ya hayo, mwenye vidole vifupi au anayechoka kwa F aende 000 ya uzi mfupi. Mwenye mkono mzito aende Grand Auditorium. Mcharazaji wa piki asiyedonoa, dredinoti, na kama anaimba maneno mengi, lile la mabega yaliyolegea. Mdonoaji wa Katanga na omutibo, OM au 00, shingo ya 44.5 ikipatikana. Jumbo nampa mtu mrefu anayecharaza na anayependa kuonekana, si dhambi.

Ukinunua lililokwisha kutumika, pitisha kadi ya benki kwenye ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia chini, gundi imeanza kuachia. Weka rula juu ya uso nyuma ya daraja: kuinuka kidogo ni kawaida, tumbo kubwa si kawaida, na maboksi mapana yenye uso mwembamba hupata tumbo haraka, hasa yakilala kwenye gari lenye joto au kwenye nyumba ya pwani yenye unyevu mwaka mzima. Uso wa mbao halisi unapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Plaiwudi inavumilia zaidi, na kwa gitaa la kusafiri nalo kila mahali siidharau hata kidogo.

Mwishowe mfuko. Mifuko ya dukani hushonwa kwa dredinoti, OM ikiwa ndani inacheza na kugonga mabega. Ijaze kwa kitambaa upande wa kiuno. Jumbo haliingii kabisa, lazima uagize mfuko wake, kwa hiyo uliza bei ya mfuko kabla hujalipia gitaa. Na kama usafiri wako ni bodaboda, mwambie dereva asubiri, livae mgongoni kichwa kikiwa juu, ujaribu kupanda na kushuka mara mbili pale pale mlangoni. Boksi la dredinoti linamgonga anayekaa nyuma kiunoni kila tuta.